Neno la "Kwetu Ndivyo": Risala katika Desturi za Majumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafanyia waja wake majumba yao kuwa ni maskani na utulivu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baadu. Hakuna nyumba isiyo na jambo lake. Mgeni huingia akaonyeshwa mahali pa kukaa, akaambiwa kwa upole kwamba kiti kile cha pembeni hakikaliwi, ni cha marehemu babu, na bilauri ile haiinywei mtu illa mwenye nyumba. Akilala, atajua kwamba usiku hapafagiwi, na kama hapana budi pafagiwe, basi taka hukusanywa pembeni zikangoja jua. Nyumba ya jirani huyacheka hayo, nayo ina yake: mtu akija kuomba sindano au chumvi baada ya magharibi hapewi, au hupewa baada ya kuitaja kwa jina jingine, na mwenye kwenda safari akijikwaa kizingitini hurudi ndani, akaketi, akanywa maji, ndipo atoke tena. Iko nyumba ambayo samaki wa namna fulani haingii jikoni, kwa kuwa babu wa tano alimla akafa, au aliokolewa naye baharini. Khabari zenyewe hazipatani. Iko nyumba ambayo baba hanyoshi mkono sahanini mpaka mtoto mdogo kuliko wote atwae tonge la kwanza. Iko nyumba ambayo kila Ijumaa hupikwa wali wa namna moja katika chungu kimoja, na bibi mkubwa hununa ikizidi hata karafuu moja. Na mwezi wa Shaabani ukielekea kwisha watu wa pwani huvunja jungu, walakini kila nyumba huvunja lake kwa namna yake, na kila moja hudhani ya kwamba namna yake ndiyo ya asili.

Wazee wakiulizwa sababu hawana maneno mengi. Husema: kwetu ndivyo. Neno hili ni fupi, na katika majumba mengi lina nguvu kupita fatwa ya kadhi. Kwani fatwa isipompendeza mtu huenda akaitafutia fatwa nyingine. Bali neno la kwetu ndivyo halitafutiwi kitu, likisemwa limekwisha.

Basi wako watu wenye hamasa ya dini ambao wakiyaona hayo hutaka kuyafagia yote kwa ufagio mmoja, wakaita kila kitu ushirikina, hata chungu cha wali. Hao wamekosea. Asili ya mambo ya dunia ni ruhusa mpaka uje ukatazo, na wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wameifanya desturi kuwa ni mojawapo ya misingi mitano mikubwa ya fikihi, ya kwamba desturi ya watu hutazamwa katika hukumu; na Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra, ameueleza msingi huo kwa mapana katika kitabu chake cha Al-Ashbah wa-n-Nadhair. Tena nani asiyejua ya kwamba nyumba ya Mtume mwenyewe ilikuwa na mambo yake ya furaha? Alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa. Na baada ya muda, Bibi Aisha alipokwisha kunenepa, wakashindana tena naye akashinda, akamwambia kwa kucheka ya kwamba hii ni kwa ile. Na kila akiingia nyumbani kwa Anas bin Malik akimkuta ndugu yake mdogo, aliyekuwa na kidege cha kuchezea, humwita kwa jina la kiutu uzima, Aba Umayr, akamwuliza khabari za kidege chake. Dini haikuja kuyafanya majumba yote yawe sawa kama matofali.

Wako na wengine, nao ni wengi zaidi, wenye kuacha kila kitu kama walivyokikuta. Hao nao wamekosea, na kosa lao lina hatari zaidi, kwani katika lile furushi la desturi wanalolibeba bila kulifungua huwamo na chumvi ya usiku, na chungu cha Ijumaa, na pia dhuluma. Mzigo ukiwa umefungwa, dhuluma na karafuu hunuka harufu moja.

Ili jambo hili lionekane kwa macho, na itazamwe khabari ya Mbega, ambayo yajulikana Usambaa kote, na imeandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, Mwislamu wa pwani aliyekaa na Semboja huko Mazinde, katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kilipigwa chapa kwanza Magila, chini ya milima hiyo hiyo, kabla ya vita vikuu vya 1914, kikatolewa tena mwaka 1962.

Mbega alizaliwa Nguu katika nyumba ya wakubwa. Meno yake ya juu yakaota kabla ya ya chini. Basi mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na desturi ya jamaa zake ilikuwa kwamba kigego haachwi akaishi, kwa kuwa huleta mauti katika ukoo. Baba yake na mama yake hawakuweza kulitenda jambo hilo, wakamficha katika mapenzi yao, akakua akawa kijana wa sura nzuri, mwindaji hodari, mtu apendwaye na kila asiyekuwa jamaa yake. Jamaa walinyamaza maadamu wazee wake wako hai. Walipokufa wazee, na likaja jambo la urithi, ndipo meno yalipokumbukwa. Wakasema kigego harithi. Kila mauti yaliyopita katika ukoo yakahesabiwa juu ya kinywa chake.

Msomaji na asimame kidogo hapa. Mtoto alipokuwa mchanga, meno yalikuwa sababu ya kuogopwa. Walakini hofu ile ilivumilia miaka yote ya ujana wake, watu wakala nyama ya mawindo yake wala isiwadhuru. Ilirudi na nguvu siku ile ile mali ilipokuwa uwanjani ikingoja kugawanywa. Desturi nyingi zina tabia hiyo: hulala usingizi mpaka ziamshwe na mwenye kuhitaji kitu.

Mbega akaondoka na mbwa zake na mikuki yake. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, wakawa wakiwinda pamoja; na siku moja nguruwe mwitu akamwua yule kijana katika mawindo. Mbega akaogopa, akakimbia pamoja na vijana waliokuwako, akafika Zirai, mpakani mwa Usambaa. Watu wa Zirai hawakumpekua meno. Walimwona ni mgeni mwenye njaa na mwenye nyama, wakampokea, wakapeana chakula. Na wakati wa kuondoka kwake walikuwa wamekwisha kumpenda. Toka hapo akapanda mlimani, huku akiua nguruwe waharibuo mashamba ya watu na kuwagawia nyama wasio na nyama, akasuluhisha magomvi yao, hata akafika Bumbuli, na mwisho watu wa Vuga wakamtaka awe mkubwa wao. Njiani akaua simba, na toka siku hizo mfalme wa Vuga huitwa Simba. Mwanawe Buge akatawala baada yake. Na wa kizazi chake ni Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala mpaka alipokufa mwaka 1862, ambaye padre Krapf alimwendea Vuga mwaka 1848, na ambaye mkono wake uliteremka hata pwani, majumbe wa mrima kati ya Tanga na Pangani wakawa wakithibitishwa vyeo vyao naye. Ukoo ule ulishika ukubwa wa milima hata serikali ya Tanganyika huru ilipoondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Tena hawakujiita kwa jina la nyumba iliyomkana babu yao. Walijiita Wakilindi, kwa jina la mahali alipopata rafiki.

Watu wakiisikia khabari hii hufurahi, wakasema: kumbe kigego ana baraka! Jawabu hilo ni baya kama lile la kwanza. Mwenye kusema kwamba meno ya juu huleta ufalme na mwenye kusema kwamba huleta mauti wamekaa katika mtumbwi mmoja, wanatazamana tu. Meno hayaleti kitu. Matabibu wanajua ya kwamba kwa watoto wengi meno mawili ya mbele ya chini hutangulia, yapata mwezi wa sita, na kwa wachache hutangulia ya juu, na wote ni wazima. Haki ya Mbega katika mali ya baba yake haikutokana na ufalme wake uliokuja baadaye. Lau angalikufa kwa homa pale Zirai, hana mke wala mwana wala jina, haki yake ingalikuwa ni ile ile, na dhuluma ya jamaa zake ni ile ile, illa asingalikuwako mtu wa kuiandika. Na ni wangapi waliokufa hivyo! Kwa Mbega mmoja aliyefichwa na wazazi wake, wako watoto wasiohesabika ambao wazazi wao walikuwa wanyonge, au waliogopa maneno ya wakwe.

Watu wa Nguu wa zama zile hawakufikiwa na Kitabu, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Walakini Waislamu wa pwani wakisoma khabari hii hucheka, wakasema hayo ni mambo ya bara na ya milimani. Kicheko hiki kina kasoro. Kigego ni neno la Kiswahili, limo katika kamusi za Kiswahili, nalo halikuingia humo kwa kupotea njia. Lugha haiweki neno la kitu isichokijua. Na hata majumba ya pwani yaliyosahau kigego hayakusahau kisirani, wala nuhusi, wala mguu mbaya, wala bundi juu ya paa. Zimekuwako nyumba zenye kusoma maulidi kila mwaka na zisizofunga ndoa mwezi wa Safari, ilhali Mtume alikwisha kukanusha katika hadithi sahihi kila kuamini ndege wa mkosi na kila kuuogopa mwezi huo, akapenda badala yake fali njema, nayo ni neno zuri mtu alisikialo likamtia moyo. Na siku alipofariki mwanawe Ibrahimu jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wa nyumba ya Mtume. Nani angaliwalaumu kwa kusema hivyo? Ilikuwa ni heshima kwake. Naye katika huzuni ile ile akasimama akawaambia ya kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa mauti ya mtu wala kwa uhai wake.

Wala isidhaniwe ya kwamba Qurani imenyamaza juu ya mambo madogo ya majumba. Watu wa Madina kabla ya Uislamu, na mwanzo wake, walikuwa na desturi ya ajabu: mtu akiwa amehirimia, au amerudi kutoka hija, haingii nyumbani kwake kwa mlango, huzunguka akaingia kwa nyuma. Mmoja akaingia kwa mlango akatahayarishwa mbele za watu. Ikateremka aya katika sura ya Al-Baqara kuwafahamisha ya kwamba wema si kuyaingia majumba kwa migongo yake, bali wema ni kumcha Mungu, na majumba yaingiwe kwa milango. Na wako Waarabu, wafasiri wamewataja Bani Layth wa Kinana, ambao mtu wao hawezi kula peke yake; hukaa na chakula mbele yake toka asubuhi hata jioni akingoja mtu wa kula naye, na pengine ngamia wamejaa maziwa naye ana njaa. Asili ya desturi hiyo ilikuwa ni ukarimu, kitu chema. Ilipogeuka kuwa sharia ikawa ni mateso. Aya ya sura ya An-Nur ikawaondolea, ya kwamba hapana dhambi kula pamoja wala kula mbalimbali. Aya hiyo haikukataza ukarimu wao. Iliondoa mnyororo tu.

Hapa ndipo ulipo upambanuzi, na wenye haraka huupita bila kuuona. Kutenda jambo ni kitu kimoja, na kulifanya kuwa sharia ni kitu kingine. Siku moja Mtume alikuwa nyumbani kwa Bibi Maymuna, akaletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani mfano wa kenge mdogo. Alipojua ni nini akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu; akajibiwa kwamba si haramu, bali hayuko katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Khalid akamvuta akamla, na Mtume anatazama. Basi nyumba isiyokula samaki wa namna fulani na iwe katika adabu hiyo: wasile wakipenda, na mkwe wao akija akala wamtazame kwa amani. Wakimwambia kwamba ameleta balaa nyumbani, au wakasema samaki yule ni haramu juu yao, wamekwisha kutoka katika kuchagua chakula, wameingia katika kumtungia Mwenyezi Mungu sharia. Na iko aya katika sura ya Al-An'am, ya 140, yenye kutaja hasara ya watu wawili ndani ya maneno mamoja: wenye kuwaua watoto wao kwa upumbavu pasipo elimu, na wenye kujiharimishia riziki waliyopewa. Mtu aweza kushangaa: mwiko wa samaki na kuua mtoto, vipi vikae pamoja? Vinakaa pamoja kwa kuwa vimetoka katika mlango mmoja, mlango wa kusema Mungu amekataza na ilhali hakukataza, au ameruhusu na ilhali hakuruhusu. Mwenye kuufungua mlango huo kwa ajili ya samaki hajui ni nani atakayeingia nyuma yake.

Katika majumba ya pwani aingiaye mara nyingi kwa mlango huo ni lawama juu ya bibi arusi. Mwanamke huolewa, na mwezi ule ule chombo cha mume kikapotea baharini, au mkwe akaugua, au mnazi ukapigwa na radi. Mashangazi hutazamana. Hatimaye husemwa kwamba ana mguu mbaya, na mume ambaye hakuona kwake illa wema humrudisha kwao kwa talaka, wala hana la kumshtaki. Wako watakaoileta hadithi yenye kutaja mkosi katika mwanamke, na nyumba, na farasi. Na wajue ya kwamba Bibi Aisha alipofikiwa na maneno hayo alighadhibika sana, akaeleza kuwa Mtume alikuwa akihadithia waliyokuwa wakiyasema watu wa Jahiliya. Na wanazuoni walioipokea hadithi wameifasiri kwa mambo yaonekanayo, kama nyumba kuwa finyu na jirani zake kuwa wabaya. Hapana katika hao aliyesema kwamba chombo huzama kwa unyayo wa mke aliyelala nyumbani.

Na jambo kubwa kuliko yote ni mirathi, kwani ndipo desturi ya nyumba inapovaa kanzu na kilemba. Mwenye kumnyima dada yake haki hasemi: namdhulumu. Husema: kwetu shamba haliendi kwa mwanamke, kwetu mnazi haulali kwa mkwe, kwetu binti hupewa vyombo na nguo, na ardhi hubaki katika jina la babu. Hayo husemwa kwa sauti ya upole, na wazee wakitikisa vichwa, na pengine kwa nia ya kweli ya kuhifadhi mali ya ukoo. Walakini ni yale yale ya kigego. Huko Nguu meno yalimtoa mtu katika urithi, na huku hutolewa kwa kuwa ni binti. Vizuizi vya urithi vinajulikana katika vitabu vya faraidhi: utumwa, na kumwua mwenye kurithiwa, na kutofautiana dini. Meno hayamo, na ubinti haumo.

Saad bin Rabii aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akachukua mali yote, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya Waarabu, mali ni ya mwenye kuchukua silaha. Hakudhani kuwa ameiba, kwao ndivyo. Mama akawachukua mabinti wake hata kwa Mtume, akamwambia kwamba hawa ni mabinti wa Saad, na ami yao hakuwaachia kitu, nao hawataolewa bila mali. Mtume akamwambia Mungu atahukumu katika jambo hilo. Ikateremka aya ya mirathi, na Mtume akampelekea yule ami ujumbe: mabinti wape theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ni chako.

Ili mkulima wa minazi afahamu hesabu hii: kama Saad angaliacha minazi 24, mabinti wawili wangalipata 16, mama 3, na ami 5. Yule ami aliyekuwa na 24 mkononi alibaki na 5. Wala haikusemwa kwamba ukoo umevunjika, wala shamba halikukauka.

Na asidhani mtu ya kwamba jambo la namna hii husamehewa kwa kuwa ni kongwe. Ukongwe wa desturi huidhihirisha tu hesabu ya waliodhulumiwa. Babu yake Said bin Musayyab aliitwa Hazn, maana yake ardhi ya mawe, ngumu. Alipofika kwa Mtume, Mtume akataka kumpa jina la Sahl, ardhi laini. Akakataa, akasema hataligeuza jina alilopewa na baba yake. Akaachiwa, hakulazimishwa. Na Said, mjukuu wake, naye ni mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina, alikuwa akisema ya kwamba ugumu wa tabia haukuondoka katika ukoo wao toka siku ile. Alilisema hilo juu ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa kijana aliyesoma akarudi nyumbani akamkuta mama yake hafagii usiku, afanye nini? Asimkaripie. Kuacha kufagia usiku si dhambi, na kumkaripia mama ni dhambi. Akisema mama kwamba ufagio wa usiku hutoa riziki mlangoni, na amwambie kwa ulimi mlaini kwamba riziki iko mkononi mwa Mungu, kisha ufagio na ubaki ulipo mpaka alfajiri, hapana hasara. Kiti cha marehemu babu na kikae bila mtu, maadamu hakiwekewi ubani ili babu aje kunusa, wala haombwi kitu hapo. Kuvunja jungu na kuendelee, ikiwa kilichomo katika jungu ni chakula na watu ni jirani. Kukiwa na ulevi au upuuzi, aovunje na jungu lenyewe. Vijana wengi wenye elimu ndogo huanza vita vyao kwenye ufagio, kwa kuwa mama hana nguvu, na hawafiki kamwe kwenye shamba, kwa kuwa ami ana nguvu. Mpango huo umepinduka. Yaanze yaliyo ya haki za watu: uhai wa mtoto, ndoa ya mke asiye na kosa, fungu la mrithi. Yafuate ya itikadi. Na yaliyobaki yaachiwe wenye nyumba, wayapike watakavyo.

Na ikiwa mirathi ilikwisha kugawanywa kwa desturi ya nyumba, baba wala babu hayuko, na dada ameolewa mbali, hukumu haikubadilika. Fungu lake ni lake, na mazao yaliyoliwa ni deni juu ya aliyeyala. Wengine hutafuta njia ya mkato, wakamwendea dada siku ya Idi, mbele ya mume wake na watoto, wakamwambia: tusamehe yaliyopita, naye kwa haya akainama akasema nimesamehe. Msamaha huo hauna nguvu. Mali ya Mwislamu si halali kwa mwenziwe illa kwa kuridhika nafsi yake, na nafsi iliyobanwa na haya mbele za watu haikuridhika. Anayetaka kusamehewa na ampelekee kwanza hesabu yake iliyo wazi, miti kadha na miaka kadha, akiwa peke yake au pamoja na wakili amtakaye yeye, na kitu chenyewe akiweke mkononi mwake. Akishakipokea, akitaka kukirudisha na akirudishe, na akitaka kukishika ni chake. Na kama amekwisha kufa, fungu linakwenda kwa warithi wake, hata kama wanakaa bara, hata kama hawajui ya kwamba wana kitu pwani. Na wajibu wa kuwatafuta ni wa yule aliyeshika shamba.

Wallahu aalamu, wabillahi ttaufiq.